Homa Ilianza Lini

"Mwalimu, unapumua kama mtu anayejificha."

Aliyeniambia hivyo alikuwa sista Mhindi, muuguzi, mwanamke mfupi aliyesema Kiswahili cha kukatakata kama anayepiga taipu. Ilikuwa likizo ya Desemba, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeshuka Karema kwa semina ya walimu wanaofundisha dini mashuleni, na siku ya pili kifua kilinibana katikati ya somo mpaka nikatoka nje nikashika ukuta. Sista akanifuata. Hakunipa dawa. Alinikalisha kwenye benchi, akaniwekea kiganja mgongoni, akasikiliza pumzi yangu inavyoingia na kutoka kwa muda mrefu. Kisha ndipo akasema maneno hayo.

Nilicheka, maana sikujua la kufanya. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi huko Mwamkulu, mke wa fundi wa njia ya reli. Tangu mwanangu wa pekee afariki, akiwa na miaka minne, sikuwa nimelala usingizi wa kueleweka.

Habari ya kifo chake watu wote wa kwetu waliijua hivi: mtoto alishikwa na homa ghafla mchana, jioni akapata degedege, nikamkimbiza zahanati nikiwa nimepakiwa kwenye baiskeli ya jirani, mganga akamdunga sindano, na nusu saa baadaye mtoto akakata roho. Mume wangu alikuwa safarini na genge la reli. Aliporudi kesho yake na kusikia hivyo, hakuketi hata msibani. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akamkamata mganga ukosi wa shati mbele ya wagonjwa, akamwita muuaji. Neno hilo halikuondoka. Kisimani akina mama wakawa wanamgeuzia mgongo mke wa mganga, na kanisani benchi lao likabaki na nafasi pande zote mbili. Haikupita miezi miwili mganga akaomba uhamisho, akapelekwa Kapalamsenga, ziwani. Siku lori lilipobeba vitanda vyake nilikuwa darasani nikiandika ubaoni, na niliendelea kuandika.

Sista hakuniuliza chochote juu ya hayo. Alinifundisha kukaa. Unakunja khanga mara nne, unaikalia, unanyoosha mgongo, unafumba macho, unaifuata hewa pale inapogusa tundu za pua. Fikra ikija unaiacha ipite, unarudi kwenye pumzi. Kabla ya hapo alinionyesha namna ya kuinama na kujinyoosha taratibu ili magoti yasilalamike. Alisema kwao kusini mwa India wanaita yoga, kwamba babu yake ambaye hakuwahi kubatizwa aliifanya kila alfajiri, na yeye aliye sista anaifanya kabla ya sala ya asubuhi, na hajawahi kuona vitu hivyo viwili vikigombana.

Nikarudi nayo Mwamkulu. Na huko ndiko vilikogombana.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu baada ya msiba. Wiki ya kwanza alinikuta nimekaa chumbani, macho nimefumba, akadhani nimezimia. Wiki ya pili akaacha kula chakula nilichopika. Mwezi wa tatu jumuiya yetu ya sala ikakutana nyumbani kwa kiongozi wetu, na baada ya rozari kiongozi hakufunga kikao.

"Mwalimu," akasema, "tunasikia unaabudu pumzi."

"Siabudu. Nakaa tu mbele za Mungu."

"Bila kusema neno?"

"Bila kusema neno."

Mama mkwe alikuwa ameketi mkabala nami. Akasema bila kunitazama, "Kukaa kimya kama gogo, kimya hicho kina mwenyewe. Mimi sijui ni nani, lakini kina mwenyewe." Akina mama wakaguna. Mmoja akauliza kama nimevunja sanamu ya Mama Bikira nyumbani. Mwingine, ambaye watoto wake wawili nilikuwa nawafundisha, akasema afadhali wahamishiwe shule nyingine. Nilitoka pale, na nilipofika nyumbani nikakaa hivyohivyo juu ya khanga, kwa ubishi, wala sikuipata pumzi hata moja.

Mei ikaja barua ya sista. Kila Juni, aliandika, yeye huenda Zambia, kwenye nyumba ya masista iliyo milimani juu ya bandari ya Mpulungu, kwa siku thelathini za kimya na kukaa. Walei wawili huruhusiwa, wanalima bustani ya nyumba kama mchango wao. Nafasi moja ilikuwa wazi.

Nilimsomea mume wangu barua ile akiwa anavua viatu. Alikuwa mtu wa maneno machache, Mkonongo mrefu mwenye vidole vilivyopondwa na nyundo za reli. Mama yake alisikia kutoka jikoni akaja akasimama mlangoni.

"Akivuka ziwa huyu, hatarudi mtu," akasema. "Itarudi ngozi."

Mume wangu akagonga viatu kutoa vumbi. "Mama, mtu huyu halali. Miaka mitatu sasa. Mimi nalala naye, naona." Kisha akanigeukia. "Kama Zambia kuna usingizi, nenda kauchukue."

Ningeweza kumwambia hapohapo kilichonikosesha usingizi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikasema asante.

Ofisi ya uhamiaji Mpanda, afisa alinipa fomu ya hati ya kusafiria, akaisoma nilipomaliza kuijaza.

"Unakwenda kununua nini?"

"Sinunui kitu. Nakwenda kukaa kimya."

Alidhani namtania. Nilipomwonyesha barua ya sista aliinama akaisoma mara mbili. "Mwalimu, watu hapa wanakwenda Zambia kwa biashara. Kukaa kimya si ungekaa hapohapo Mwamkulu?" Wenzake wakacheka. Akaniweka siku nne, nikienda na kurudi, akiuliza kama nina ndugu Lusaka, kama mume wangu anajua, kama siasa imeniingia. Siku ya tano akagonga mhuri bila kuniangalia.

Meli haikuweza kufika ufukoni Karema. Ilisimama mbali majini, nasi tukapelekwa kwa mitumbwi ya injini, watu, magunia ya mchele, mabeseni ya dagaa wakavu, mbuzi. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka. Mtumbwi wetu ulipanda na kushuka ubavuni mwa meli, mlango wa chuma mara uko usawa wa kifua changu, mara uko juu ya kichwa. Baharia alininyooshea mkono akapiga kelele, "Sasa!" Sikuruka. "Sasa, mama!" Sikuruka tena. Nyuma yangu watu walianza kunitukana. Sista, ambaye alikuwa ameshapanda, aliinama mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Toa pumzi, halafu njoo." Nikatoa pumzi, nikarukia mkono wa yule baharia, goti likagonga chuma likachanika. Kovu ninalo mpaka leo.

Nyumba ile ya masista ilikuwa katikati ya misonobari, na baridi ya Juni kule juu sikuwa nimewahi kuijua. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kengele alfajiri, kukaa, misa, uji, kukaa, bustani, kukaa, chakula, kukaa. Hakuna kusalimiana. Hakuna kutazamana usoni. Kila mtu aliruhusiwa robo saa kwa siku kusema na mwelekezi wake, na wangu alikuwa sista. Siku za kwanza nilimweleza juu ya magoti, mgongo, baridi. Alisikiliza, akanirudisha kwenye khanga.

Siku ya tisa, kikao cha kabla ya chakula cha mchana, mwili ulitulia kwa mara ya kwanza. Magoti hayakuuma. Pumzi ilikuwa ndogo na laini kama ya mtoto aliyelala. Na ndani ya utulivu ule nikasikia sauti ya mganga, wazi kama amesimama mbele yangu na kalamu mkononi.

"Mwalimu, homa ilianza lini?"

Aliniuliza hivyo siku ile huku akitafuta mshipa kwenye mkono wa mwanangu. Nikamjibu, "Mchana huu." Akakitazama kiganja cha mtoto, kilichokuwa cheupe kama karatasi, akaniuliza tena, polepole. Nikamjibu vilevile. Akaandika kwenye daftari lake.

Homa ilikuwa imeanza jana yake jioni. Asubuhi mtoto aliamka anawaka moto. Lakini ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, nami nilikuwa msimamizi, na msimamizi haruhusiwi kutoka chumbani. Nikampa nusu kidonge, nikambeba mgongoni mpaka shuleni, nikamlaza kwenye stoo juu ya magunia ya mahindi ya shamba la shule, nikamfunika kwa koti langu. Stoo ilipakana na chumba cha mtihani. Nilimsikia akiita mara tatu. Mara ya nne hakuita, na mimi nikafurahi, nikadhani amelala.

Nilinyanyuka katikati ya kikao. Watu kumi na mmoja hawakufumbua macho. Nilikwenda chumbani, nikafunga begi, nikatoka hadi kwenye geti. Sijui nilitaka kwenda wapi. Sikujua hata njia ya kushuka Mpulungu. Sista alikuwa amesimama getini. Nadhani alisikia mlango.

Nikamwambia yote, nimesimama, begi mkononi, nikilia kwa sauti kwenye nyumba ile isiyo na sauti. Nilitegemea anishike. Nilitegemea aseme Mungu amekwisha kunisamehe.

"Huyo mganga," akasema, "yu hai?"

"Yu hai. Yuko Kapalamsenga."

"Mume wako yu hai?"

"Ndiyo, sista."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

Nilikasirika kiasi cha kutaka kumpiga. Nikasema naondoka sasa hivi, nakwenda kuwaambia. Akatikisa kichwa. "Ukienda leo utawaambia kwa kelele, na watakubembeleza wewe. Watu wakibembeleza, hawasikii. Kaa mpaka uweze kulisema kwa sentensi moja, bila machozi. Halafu nenda."

Nilibaki siku ishirini na moja zilizosalia. Sitazipamba. Watu husema wamekwenda mbali wakapata amani. Mimi kila siku nilikalishwa mbele ya kitu kilekile, asubuhi na mchana na jioni, na mlango uko wazi. Nilijaribu kuipunguza sentensi. Mtihani ulikuwa wa lazima: nikauondoa. Hospitali ilikuwa mbali: nikaiondoa. Mume hakuwepo: nikamwondoa. Wiki ya mwisho kilichobaki kilikuwa kifupi, na niliweza kukisema moyoni pumzi ikitoka bila kukatika.

Nilifika nyumbani Jumapili mchana. Mume wangu alikuwa uani anapukuchua mahindi, mama yake anapepeta. Mama mkwe alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, nadhani akitafuta ile ngozi aliyoitabiri, kisha akanipokea begi. Nikaketi kwenye kigoda. Sikungoja, maana nilijijua. Ningengoja, ningengoja miaka mingine mitatu.

"Homa ya mtoto ilianza jana yake jioni, na asubuhi nilimlaza kwenye stoo ya shule nikasimamia mtihani."

Mume wangu aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye beseni, gunzi likaisha, akachukua jingine.

"Sema tena."

Nikasema tena. Ungo wa mama mkwe ulikuwa umesimama hewani.

"Mganga alikuuliza?"

"Aliniuliza mara mbili. Nilimdanganya. Na wewe nikakudanganya."

Aliweka gunzi chini. Nilimwona akiitazama mikono yake yote miwili, ile iliyomkamata mtu ukosi. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na begi lake la kazi, akapita kati yetu akaondoka. Kesho yake nikasikia kutoka stesheni kwamba ameomba kwenda na genge, wakati zamu yake ilikuwa bado.

Siku tisa hakuna habari. Mama mkwe hakunitukana, na heri angenitukana. Alifanya kazi zake, nami zangu. Nilikaa kila alfajiri juu ya khanga yangu, na sasa hakuna aliyenizuia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinisemesha. Siku ya saba mama mkwe aliniuliza jambo moja tu, akiwa amenipa mgongo: "Aliita?"

"Aliita, mama. Mara tatu."

Akajifunika uso kwa khanga. Alilia mpaka jioni, na sikuthubutu kumsogelea.

Mume wangu alirudi siku ya kumi, amekonda, ndevu zimejaa. Hakuketi. "Jumatano kuna lori la kwenda ziwani," akasema. "Tunakwenda Kapalamsenga."

Jumatano tukapanda lori. Tulikaa juu ya magunia, kila mmoja ameshika kamba yake. Mara moja tu, lori lilipokwama mchangani na abiria wote wakashuka kusukuma, mume wangu alisema, bega kwa bega nami, akihema, "Umeniacha nimchukie mtu miaka mitatu. Ningeweza kumuua yule. Nilishawahi kulipanga." Kisha lori likanasuka, tukapanda.

Mganga alikuwa akihudumia kliniki ya akina mama na watoto. Alituona kutoka mlangoni akasimama, sindano mkononi. Alikuwa amezeeka. Akasema kwa mama aliyekuwa mbele yake, "Ngoja kidogo," kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaweka meza kati yake na mume wangu. Mpaka leo hatua zile mbili zinaniuma kuliko kitu chochote alichosema baadaye.

Mume wangu alivua kofia. "Daktari, sikuja kwa shari. Nilikuita muuaji mbele ya watu. Nimekuja kulirudisha neno mbele ya watu." Na kweli palikuwa na akina mama kama ishirini kwenye mabenchi, watoto mapajani, wote wametukodolea macho. Nami nikasema sentensi yangu. Nikaongeza, "Uliniuliza mara mbili nikakudanganya."

Mganga aliiweka ile sindano kwenye trei. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Kiganja kile kisicho na damu si cha homa ya mchana mmoja. Nilijua hata kabla hujajibu."

Mume wangu akauliza kwa sauti iliyopasuka, "Sasa kwa nini hukusema? Nilipokushika, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mama amebeba maiti ya mtoto wake, niseme ni yeye? Nilidhani atasema mwenyewe. Nilingoja wiki ya kwanza. Nikangoja mwezi." Akanitazama mimi. "Nilipopakia vitu kwenye lori nilikuwa bado nangoja, Mwalimu. Shule si ilikuwa palepale barabarani?"

"Ilikuwa palepale," nikasema.

Akasema, "Hawa hapa hawajui habari hii. Mmejitwisha safari bure. Walioniita muuaji wako kwenu. Kaniombeeni radhi kwao." Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka pale. Tulimwomba tumsalimie mkewe. Alikwenda, akarudi peke yake. "Amesema mmsamehe, hawezi kutoka," akasema, nasi tukaelewa ni mganga mwenyewe aliyeyapanga maneno hayo kwa adabu. Kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, kabla ya baraka ya mwisho, katekista alinipa ruhusa. Nilisimama mbele, mume wangu kando yangu. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika nyuma. Nilisema homa ilianza lini. Nilisema mganga hakuua mtu. Mtoto mchanga alilia akanyonyeshwa. Kiongozi wa jumuiya, aliyenishtaki kwa kuabudu pumzi, alikuwa mmoja wa wale waliomgeuzia mgongo mke wa mganga. Alitazama sakafu mpaka baraka ikatolewa.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Wazazi watatu waliwahamisha watoto wao. Mwalimu mkuu aliniondoa kwenye usimamizi wa mitihani, nami niliona ni haki. Mume wangu alihamishia godoro lake sebuleni, akakaa huko masika yote. Katekista aliandika barua kwa niaba ya kanisa, watu arobaini na zaidi wakaweka sahihi au dole gumba, ikapelekwa Kapalamsenga. Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, mistari miwili tu: barua imefika, amemsomea mkewe, yeye mwenyewe ameridhika, mkewe bado.

Sista alihamishwa kwenda Kenya mwaka uliofuata. Alipopita Mpanda kupanda treni nilimpeleka stesheni. Akaniuliza kama nalala. Nikamwambia nalala kwa muda wa saa nne, wakati mwingine tano, na kifua hakibani.

"Na mume?"

Nikamwambia jinsi wiki ile alivyorudisha godoro chumbani, akalitandika upande wa dirisha, akaniuliza huwa naamka saa ngapi alfajiri kukaa, ili asinikanyage akitoka kwenda kazini.